Shuka la Kitani Huko Cheptiret

Tuliondoka Mombasa alasiri, na kulipopambazuka tulikuwa tumekwisha kuipita Burnt Forest. Mbele yetu palikuwa Cheptiret, kituo kilicho kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, panapochepuka njia ya Chuo Kikuu cha Moi. Nilikuwa nikimsindikiza binti yangu, aliyepata nafasi ya kusomea uhandisi wa nguo.

Katika sanduku lake nilimtilia shuka la kitani lililopindwa kwa mkono na marehemu mama yangu. Nyumbani kwetu sikuwa na kitu bora kuliko hicho. Lakini Cheptiret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na tuliposhuka garini ukungu ulikuwa umetanda juu ya mahindi. Mwanangu akatetemeka ndani ya buibui lake. Mama mmoja mwenye duka alipoliona shuka akatabasamu: “Ni zuri, mama, lakini huku mtoto hulala kwa blanketi.” Nilinunua blanketi kimyakimya, nikihisi zawadi yangu imekosa mahali.

Kumbe kitani si kigeni katika nyanda za juu za Kenya. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, walowezi wa Kizungu walikilima kwa kutamani bei ya Ulaya. Bei ikaporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1920, na wengi wakapata hasara. Leo Eldoret inajulikana zaidi kwa pamba, kupitia kiwanda cha Rivatex, kilichonunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007.

Pamba hutoka katika tumba la mbegu, bali nyuzi za kitani hutoka katika shina, baada ya shina kulowekwa hadi utomvu wake uoze. Nyuzi hizo hunyonya jasho na kukauka upesi. Zikilowa huzidi nguvu. Ndiyo maana shuka la bibi hurithiwa na mjukuu. Nanyi akina mama mnaoshona, kifueni kitambaa kabla ya kukikata, kwani hujikunyata katika maji ya kwanza, na kipigeni pasi kingali na unyevu. Makunyanzi yakibaki, msiyaonee haya. Ndiyo tabia yake.

Bwenini nilisema, “Nipe shuka, mwanangu, nilirudishe Mombasa, huku halina kazi.” Akalishika kwa mikono miwili. “La, mama. Blanketi litakaa juu, na shuka la bibi litakaa karibu nami.”

Nilirudi pwani na sanduku tupu. Nilikuwa nimedhani malezi ni kumpa mtoto kila anachokihitaji. Yako atakayoyapata ugenini, kwa wema wa watu wasiotujua. Letu ni kumpa kile cha kukaa karibu na ngozi. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walioko mbali.