Mwenzetu Aliyezalia Nyumbani

Mwalimu wa gazeti alituomba sisi wasichana wa mwaka wa mwisho tuandike kitu. Wengine walitaka tuandike juu ya usafi wa bweni. Lakini tuko na neno moja linalotulemea tangu mwaka jana, na afadhali tuliseme.

Mwenzetu mmoja, tuliyekaa naye benchi moja, alipata mimba akiwa na miaka 16. Jina hatulitaji, naye ametupa ruhusa ya kuandika. Tumbo lilipoonekana aliacha kuja masomo, na sisi tukaacha kupita kwao. Hakuna aliyetukataza. Tulipita njia ya nyuma ili tusikutane naye. Kwa kinywa tulisema tunamwonea haya. Kwa kweli tuliogopa watu wasituhesabu sisi pia pamoja naye.

Na hesabu yenyewe si ndogo. Uchunguzi uliofanywa katika Kongo nzima mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba katika wasichana 100 wa miaka 15 mpaka 19, 27 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba.

Mwezi wa 11 mtoto akazaliwa, mvulana. Tukaenda kumwona, watu saba, na sabuni mbili na kitambaa. Tuliimba, tuliomba, na mmoja wetu akamshauri kwa maneno mazuri sana asirudie kosa. Yeye alitazama chini tu. Tulipotoka, koko yake, mama mzaa mama, alitusindikiza mpaka kwenye mwembe akasema: “Aksanti, batoto. Lakini munamuletea maneno, na maneno iko nayo mingi. Hakuna hata mumoja aliona bidoni ya mayi iko utupu?”

Ilikuwa utupu kweli. Mmoja wetu alikuwa ameikalia.

Huku kwetu mzazi aliyeolewa anazungukwa na watu. Huyu anachemsha maji, yule anapika sombe, jirani anafua nguo za mtoto. Aliyezalia kwa baba yake anaachiwa mambo yake, sawa vile mtoto alizaliwa bila jamaa. Baba wa mwenzetu yuko kwenye mashimo ya kasiteriti, mama yake anauzisha Kindu. Anabaki na koko, na koko asubuhi sana anakwenda shamba la mpunga. Mjomba alitaka wampeleke kwa wazazi wa yule kijana, aolewe, mambo yaishe. Sheria ya Jamaa ya 1987 ilikubali msichana aolewe na miaka 15, lakini ilibadilishwa mwaka 2016 na sasa ni miaka 18. Koko hajui sheria hiyo. Alikataa kwa sababu yake mwenyewe: “Yule kijana naye ni mutoto. Huyu atalea wawili?” Kijana mwenyewe anaendelea na masomo Kindu. Hakuna aliyemwambia aache.

Mwezi wa kwanza mwenzetu alituambia jambo la usiku mmoja. Mtoto alilia tangu jua kuzama, koko alikuwa kwenye kilio kijiji kingine. Yeye mwenyewe alikuwa hajalala usiku mbili. Akasikia mikono yake inakuwa migumu. Akamlaza mtoto chali katikati ya mkeka, akatoka, akasimama nyuma ya jiko katika mvua, akahesabu mpaka 100, ndipo akarudi. Tangu siku ile alijiona mtu mbaya. Alikaa na siri ile mpaka siku ya chanjo, akamwambia muuguzi. Muuguzi akamwambia alifanya vema: mtoto akilala chali mahali pa salama anaweza kulia kidogo bila kuumia, lakini mama aliyechoka akimtikisa anaweza kumharibu ubongo. Kisha akamuuliza: “Usiku nani anakusaidia?” Hakuwa na jibu.

Sisi tulikuwa tunafikiri shida yake ni haya, ao pesa, ao kumkosa yule kijana. Kumbe ilikuwa usingizi! Mtoto mchanga ananyonya mara 8 mpaka 12, mchana na usiku. Jaribu kusoma kemia hivyo.

Njo tukapanga zamu. Baada ya masomo wasichana wawili wanakwenda: mmoja anateka maji, mwingine anabeba mtoto mgongoni, mama analala ao anasoma daftari zetu. Kijana mmoja wa darasa letu alikuja kupasua kuni. Wenzake walimcheka, “Baba mutoto!”, lakini hakuacha.

Tusijisifu. Mwezi wa 4 mitihani ilipokaribia tuliacha kwenda, wiki tatu nzima. Hakutulalamikia. Tuliporudi mtoto alikuwa amejua kukaa peke yake, akatukataa, akalia sawa vile tuko wageni. Ilituuma kuliko maneno ya koko.

Mwezi wa 9 mwenzetu anataka kurudi, na prefe amekubali. Mtoto atakuwa na miezi kumi, atakula uji. Lakini toka kengele ya asubuhi mpaka ya mwisho atabaki na nani? Koko akiacha shamba hakuna wali, hakuna pesa ya masomo. Tumeongea na mama mmoja jirani. Amekubali kumlinda asubuhi, kama mtu atamtekea maji na kumpasulia kuni. Sisi, Mungu akipenda, tutakuwa tumemaliza Mtihani wa Serikali na kutawanyika.

Kwa hiyo tunawaandikia ninyi wa madarasa ya chini. Zamu inahitaji watu kumi. Mpaka leo wameandika majina wanne, wasichana watatu na mvulana mmoja. Karatasi imebandikwa kwenye mlango wa maktaba. Nyumba ni ile ya mwembe. Bidoni ni ya manjano, kifuniko chake kimepotea. Mutumie jani la mgomba.