Mwanzi Ukivuka Ua, Nani Alipe?

Huku Uingereza mwanzi ni pambo. Watu huupanda kando ya ua ili jirani asiwachungulie bustanini, maana unamea upesi na haupotezi majani hata wakati wa baridi. Kwetu kaunti ya Tana River unasifiwa kwa mambo mazito zaidi: nguzo za kujengea, kuni, kivuli, kingo za mto zisiporomoke, na sasa pesa pia, tangu serikali ya Kenya ilipoutangaza kuwa zao la biashara mwaka 2020. Sina ugomvi na mmea wenyewe. Ila ughaibuni watu wameumwa nao mpaka wakajifunza kuuliza swali moja kabla ya kushika jembe, na sisi wa mji wa Garsen tuna sababu kubwa kuliko yao ya kuliuliza: ukitoka kwa aliyeupanda ukaingia kwa mwingine, gharama ni ya nani?

Mianzi ina tabia mbili. Ipo inayotambaa, kama ile ya jamii ya Phyllostachys iliyotoka Uchina, ambayo hupeleka mashina yake chini kwa chini na kuibuka ng'ambo ya ua, katikati ya nyasi za mtu mwingine. Ipo pia inayokaa kwa fungu, ikinenepa polepole pale pale ilipopandwa. Marekani, ile inayotambaa imezua kesi na uhasama wa majirani, hadi jimbo la Connecticut likatunga sheria mwaka 2013: aliyeupanda ndiye atakayelipa hasara ya jirani pamoja na kazi ya kuung'oa, na muuzaji wa miche sharti amweleze mnunuzi anachukua nini. Hapa Uingereza somo lilikuja kwa mmea mwingine, magugu ya Kijapani yaliyoletwa Ulaya karne ya 19 kama ua la bustani. Leo anayeuza nyumba huulizwa kwa maandishi kama yapo kwenye kiwanja chake. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wenye nyumba wawili wa Maesteg, Wales, ambao magugu hayo yaliwafikia kutoka kwenye tuta la shirika la reli, Network Rail. Majaji walisema si lazima ukuta upasuke kwanza ndipo mtu alalamike; kuenea kwa mizizi ardhini mwake kunatosha. Yaani lawama inafuata njia ile ile iliyofuatwa na mzizi, lakini kwa kurudi nyuma, hadi kwa aliyeuachia.

Sasa tutazame kwetu, kwenye mti wa miiba uitwao mathenge. Mti huo ulipandwa Bura mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa mradi mkubwa wa umwagiliaji, kwa nia njema kabisa: walowezi wapate kuni bila kuumaliza msitu wa kando ya Mto Tana. Mifugo ikala maganda yake matamu na kuzisambaza mbegu kwa kinyesi, mafuriko yakazibeba kuelekea chini, na leo vichaka vya miiba vimeziba malisho, mifereji na malka, zile njia ambazo wafugaji hupitishia ng'ombe hadi majini. Baringo, ambako mti huo ulipandwa miaka hiyo hiyo, jamii ya Ilchamus iliishtaki serikali mwaka 2006 na kumpeleka mahakamani mbuzi aliyekwisha meno kwa kula maganda hayo. Mwaka 2008 mathenge ukatangazwa kuwa gugu hatari. Hapo ndipo penye kichekesho kichungu, kwa sababu sheria yetu ya magugu inamtwika mwenye kuishi kwenye ardhi kazi ya kuyang'oa. Connecticut inamuuliza aliyepanda; sisi tunamuuliza aliyevamiwa. Mfugaji wa Garsen ambaye hakuulizwa, hakupanda na hakufaidika, ndiye anayebaki na panga mkononi.

Nitaambiwa kwamba mwanzi si mathenge, na ni kweli. Hauozeshi meno ya mbuzi, wala mbegu zake hazisafiri tumboni mwa ng'ombe. Nitaambiwa pia kwamba mianzi inayofaa joto la pwani ni ile ya fungu, haikimbii, kwa hiyo hofu ya Wamarekani haituhusu. Jibu hili lina nguvu shambani pakavu, lakini mtoni linalegea. Mwanzi wa kawaida wa nchi za joto, Bambusa vulgaris, huota kwa kipande tu cha shina chenye pingili. Kule Puerto Rico ulipandwa kandokando ya barabara ili kushika udongo, kisha mafuriko yakavunja vipande na kuvitupa ukingoni chini zaidi, vikaota, na sehemu nyingi za mito ya huko sasa zimesongwa na mwanzi mahali palipokuwa na miti ya asili. Fungu halikutambaa hata hatua moja, maji ndiyo yaliyousafirisha mwanzi. Na nani asiyeyajua maji ya Tana? Yalifunika mashamba wakati wa El Niño ya 1997, yakarudi 2018, yakarudi tena mwishoni mwa 2023. Kipande kilichovunjika juu ya mto kinaweza kuamkia vijiji vya Ngao au Golbanti bila mtu kukipanda, au kando ya ile misitu michache ambayo ndiyo makao pekee duniani ya mbega mwekundu wa Tana.

Hoja ya kushika kingo nayo naiheshimu kwa kiasi. Mizizi ya mwanzi ni mingi na imefumana, lakini haiendi chini sana, na Tana ni mto unaokula ukingo kwa chini na kuhama njia. Fungu zima linaweza kuanguka pamoja na udongo wake. Mizizi hiyo hiyo ya juu juu ndiyo itakayogombania maji na ndizi na mahindi ya mkulima wa Kipokomo aliyeupanda karibu mno na shamba. Upande wa nguzo sibishi. Mikoko ya Kipini, inayokatwa kwa nguzo, inahitaji kupumzishwa, na fungu la mwanzi nyuma ya nyumba, mbali na mto, likikatwa kila mwaka, ni akiba nzuri kwa familia inayotaka kujenga.

Pingamizi gumu zaidi ni kwamba sheria ya ua haina maana pasipo na ua. Sehemu kubwa ya Tana River ni ardhi ya jamii. Malka haina hati, na ardhi ile ile msimu mmoja ni shamba la mkulima, mwingine ni mapito ya wafugaji wa Orma na Wardei. Kwa hiyo kunakili Connecticut ni kujidanganya. Lakini hilo linafanya makubaliano yawe ya lazima zaidi, kwa kuwa katika eneo ambako ugomvi wa maji na malisho uliua watu zaidi ya 100 kati ya 2012 na 2013, kichaka kinachoziba njia ya ng'ombe hakiwezi kuitwa suala la bustani. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaziruhusu jamii kujiwekea kanuni za matumizi ya ardhi yao. Gasa, baraza la wazee wa Wapokomo, na wazee wa wafugaji wanaweza kukaa chini na kuamua mwanzi usipandwe malka, wala ukingoni ambako mafuriko hufika, na kwamba kila anayegawa miche, awe kaunti, shirika au tajiri wa Nairobi, aandike jina lake na wajibu wa kuung'oa ukienda kusikotakiwa.

Nawe ndugu uliye ughaibuni, unayechangia miche ya kupeleka nyumbani kila zinapotangazwa harambee za mazingira: kabla ya kutuma, uliza ni mwanzi wa aina gani, utapandwa umbali gani kutoka mtoni, na nani ametia saini ya kuukata. Usipojibiwa, changia kung'oa mathenge Garsen kwanza.