Tulikwenda Dar es Salaam, Tumerudi na Swali



Mwaka 2016 tulitoka Bukavu wamama wawili, tukavuka Ruzizi, tukapita Kigali na mpaka wa Rusumo hadi Dar es Salaam. Huko ulifanyika AfPIF, mkutano wa Afrika wa watu wanaounganisha mitandao ya intaneti. Ulianza Nairobi mwaka 2010.

Siku ya kwanza tulinyamaza. Maneno yalikuwa ya mashine, na wamama tulikuwa wachache. Siku ya pili tukajikaza, tukauliza: mama wa Bukavu akimwandikia binti yake aliye Goma, ujumbe unapita wapi?

Kijana mmoja akatuchorea kwenye karatasi. Kampuni mbili zisipounganishwa karibu, ujumbe unaweza kwenda mpaka Ulaya, kisha urudi. Njia hiyo ina bei yake, nayo tunailipa sisi tunaponunua mega.

Dawa yake ni kituo cha kubadilishana, mahali kampuni zinapokutanisha nyaya zao. Ni kama soko: mwenye muhogo na mwenye sambaza wakikutana hapa hapa, hakuna wa kupeleka mzigo ng'ambo. Kinshasa wanacho, kinaitwa KINIX. Lakini Kinshasa ni mbali na Kivu.

Jioni tulitazama bahari, ambamo nyaya za intaneti zinalala chini ya maji.

Tuliporudi mlituuliza: mmetuletea nini? Tumeleta swali. Kila mama anayenunua mega aulize kampuni yake: mtaunganishwa lini hapa kwetu?