Picha ya askari wa Burma, na programu iliyonidanganya

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya majuma kadhaa. Wapo waliodhani nimehamia Nairobi. La hasha, niko hapa hapa Nyeri, na nilichokuwa nikikifanya usiku badala ya kulala ni kutazama picha moja yenye upana wa sentimita sita.

Picha hiyo ni ya cucu, mama yake mama yangu. Huiweka ndani ya mkebe wa Kimbo pamoja na risiti za kahawa na vitambulisho vya watu waliokwisha kufa. Inaonyesha mwanamume amesimama, kofia pana kichwani, koti refu la kijeshi, mkononi ana kitu kirefu. Uso ni kiza. Nyumbani kwetu kila mtoto hujua jibu la picha hii kabla ya kujua kusoma: huyo ni baba yake cucu, akiwa Burma, akipigana na Wajapani.

Mjomba wangu alitaka iwekwe kwenye bango kubwa kwa ajili ya mkutano wa ukoo wa Desemba, chini yake yaandikwe maneno "Askari wetu wa Burma". Na kwa kuwa kila familia ikiwa na mtu mmoja aliyesomea kompyuta basi huyo ndiye fundi wa kila kitu chenye waya, kazi ikaniangukia mimi. Nilipokea picha kwa WhatsApp, mjomba akiwa ameipiga kwa simu juu ya meza ya jikoni.

Nikafanya ambalo yeyote angefanya. Nikaitupia kwenye programu ya akili mnemba inayofufua picha za zamani. Dakika moja tu, jamani! Uso ukatoka kizani, madoa ya angani yakafutika, kile kitu kirefu kikawa bunduki, na kwenye kofia ikatokea beji iliyo wazi kabisa, yenye umbo kama la kitu chenye pembe. Nikaituma kwa kikundi cha familia. Shangazi mmoja alilia. Mwingine akasema pua ni ya mjomba mtupu.

Ile pembe ndiyo iliyonipotezea usingizi, kwa furaha. Wengi wa wanajeshi wa King's African Rifles waliopelekwa Burma walikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1943, na alama ya divisheni hiyo ilikuwa kichwa cha kifaru. Divisheni mbili za Afrika Magharibi zilizokuwa huko huko zilikuwa na alama nyingine: ya 81 buibui, ya 82 mikuki miwili iliyopishana. Ukijua haya matatu tu, unaweza kutenganisha picha nyingi za Waafrika wa Burma zinazozunguka mtandaoni bila maelezo. Mtu wa buibui si wa kwetu. Watu wetu ndio walioteremka Bonde la Kabaw kwenye mvua za 1944, wakafika mto Chindwin mwishoni mwa mwaka huo. Kwa hiyo pembe... nilijiona nimemaliza kazi.

Halafu nikafanya kosa la kitaaluma, yaani nikajaribu kurudia matokeo. Nikaiendesha programu ile ile, kwa picha ile ile, nikibadilisha mpangilio mmoja tu. Ikatoka beji nyingine, mfano wa nyota, na uso wa mtu mwingine kabisa. Mara ya tatu, mtu wa tatu.

Nikafungua picha aliyonitumia mjomba na kuhesabu. Ilikuwa na pikseli kama 900 kwa upana, na ile "beji" ilikuwa na pikseli tisa. Tisa! Ndani ya vidoti tisa vya kijivu hakuna kifaru wala nyota. Programu hizi zimefunzwa kwa mamilioni ya picha, na zikikuta pengo hujaza kile ambacho huwa kinakaa hapo. Kofia ya kijeshi huwa na beji, basi chukua beji. Haikusema "sioni". Haikutengenezwa kusema hivyo, na mimi kama mtengenezaji wa programu ningepaswa kujua hilo kabla ya shangazi yangu kulia.

Nikapanda matatu Jumamosi, nikachukua picha yenyewe kwa ahadi nzito, nikaiskani kwa nukta 2400 kwa kila inchi. Kisha nikaiweka chini ya taa iliyoinamishwa pembeni ili mikwaruzo itoe kivuli. Ile beji ilikuwa mkwaruzo. Ile bunduki haikuwa na kitako wala kifyatulio, juu yake kulikuwa na bapa kama jani. Mkuki. Na kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, kulikuwa na kitambaa cheupe kilichofungwa kuzunguka koti. Programu ilikuwa imekifuta na kuchora mkono wa koti ulio safi.

Lakini kilichonikalisha chini ni yale madoa ya angani. Nilipoongeza ukinzani wa vivuli, doa moja likawa na mteremko kushoto, mteremko kulia, na jino katikati. Mtu yeyote aliyelelewa Nyeri anajua hilo jino. Tumeamka nalo kila asubuhi kabla ya mawingu kulifunika. Programu ilikuwa imeifuta Kirinyaga ikidhani ni uchafu.

Sikutaka kuamini macho yangu, maana macho yalishaona kifaru. Kuna data ya bure ya miinuko ya dunia, iliyopimwa kwa rada kutoka chombo cha Endeavour mwezi Februari 2000, yenye kipimo kwa takriban kila mita 30 za ardhi. Ukiwa nayo, unaweza kuiambia kompyuta: simama hapa, geukia kaskazini mashariki, nichoree upeo wa macho. Nikaandika msimbo mfupi wa Python uliosimama sehemu mamia kuanzia Karatina hadi Mweiga, ukachora upeo wa kila sehemu na kuulinganisha na mstari wa kwenye picha. Haukunipa nukta moja, mlima uko mbali mno kwa hilo. Ulinipa ukanda wa kilomita chache upande wa Tetu. Burma iko wapi hapo?

Mlima ukaeleza na uso pia. Mtu aliyepigwa picha asubuhi na mlima ukiwa nyuma yake ana jua mgongoni, kwa hiyo uso lazima uwe kiza. Hakuna uso uliofichwa humo wa kufufuliwa.

Sasa, angeweza kuwa askari aliyerudi likizo. Ila chini ya miguu yake, upande wa kulia, kulikuwa na handaki, na ndani ya handaki vijiti vilivyochongwa vikielekea juu. Hivyo sikuhitaji kompyuta kuvitambua. Ndivyo zilivyozungushiwa posti za homugadi wakati wa Hali ya Hatari: handaki, vijiti vya ncha kali, mnara wa kulindia. Mkuki, kitambaa mkononi, handaki. Kwa Kikuyu tunawaita ngati, au kamatimu, kutokana na itimu, mkuki. Kikosi hicho kilianza rasmi mwaka 1953 na kilikuwa kimevunjwa kufikia 1955.

Kwa msomaji asiye wa kwetu: Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na hapa Nyeri vita havikuwa kati ya watu wa mbali. Ndugu mmoja alikuwa msituni, mwingine posti. Marufuku ya Mau Mau haikuondolewa hadi 2003. Jirani wa cucu, mzee wanayekaa naye benchi moja kanisani, baba yake alifungwa Manyani. Naye angekuwa mgeni wa heshima Desemba, akilitazama bango letu.

Nilijaribu kujitoa. Nilijiambia nguo si ushahidi, na kwa kiasi fulani ni kweli. Wapiganaji wa msituni walivaa makoti ya jeshi waliyoyateka. Na kuanzia miaka hiyo serikali iliwavisha wapiganaji waliojisalimisha ngozi na nywele ndefu ili wawafuate wenzao, kwa hiyo hata picha ya "Mau Mau" huenda isiwe ya Mau Mau. Wanaochunguza picha za Wakosaki wa Vita vya Pili wana shida hiyo hiyo. Walipigana pande zote mbili, wengine na Urusi ya Kisovieti na wengine na Ujerumani, na kofia ya manyoya ni ile ile. Hutazami kofia, unatafuta ngao ndogo iliyoshonwa kwenye mkono. Mimi ngao yangu ilikuwa kitambaa cheupe, na nilikuwa nimeshakiona.

Nikaenda kwa cucu na picha mbili, ile iliyofufuliwa na ile iliyoskaniwa, zote kubwa za ukubwa wa daftari. (Mimi ni mtoto wa kiume wa pili, nina jina la mumewe, kwa hiyo ananiita mume wangu hadi leo, hata mbele ya wageni.) Akaishika ile safi, akaisogeza dirishani.

"Huyu simjui," akasema.

Ile ya pili hakuisogeza dirishani. Akaweka kidole gumba juu ya kitambaa. "Hiki nilikuwa nakifua mimi. Kilikuwa kinachafuka upesi." Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mzungu aliyesimamia posti ndiye aliyepiga picha.

Nikamuuliza kwa nini basi miaka yote tumeambiwa ni Burma.

"Alienda Burma, mume wangu. Alirudi na hiyo kofia na hilo koti. Nyinyi mlipokuwa wadogo mliuliza, cucu, hiyo kofia ni ya wapi? Nikawaambia."

Hapo nikamkumbuka Waruhiu Itote, mtu wa Mukurweini. Naye alivaa magwanda ya KAR Burma, kisha akawa Jenerali China wa Mlima Kenya, hadi alipokamatwa Januari 1954. Huenda yeye na baba yake cucu walikunywa chai kwenye meli moja. Cucu hakutaka kuzungumza habari hizo. Aliniambia tu kwamba baba yake aliitwa usiku na kuulizwa atasimama wapi, na kwamba handaki lile lilichimbwa na wanawake wa kijiji, mama yake akiwemo. Kisha akanyamaza, akaniuliza kama nimekula.

Mjomba sikumficha. Alikaa kimya kwenye simu hadi nikadhani mtandao umekatika, kisha akasema tungoje kwanza, bango litakuwa la mti wa ukoo bila picha. Ile picha safi bado iko kwenye kikundi cha familia. Nimewaandikia kwamba uso ule si wake, wawili wakaweka kidole gumba, lakini shangazi bado anayo kwenye skrini ya simu yake.

Cucu aliomba nakala moja, ile yenye mlima. Akaniambia niandike nyuma, kwa penseli. Nikaandika jina la baba yake, Tetu, 1954. Nikangoja. Akaitazama, akairudisha kwenye mkebe, chini ya risiti za kahawa.