Naivasha kwa Magari Mawili

Dada mpendwa,

Uliponipigia kuniuliza ununue gari la umeme mtupu au lile la kuchaji lenye injini ya petroli pia, nilikujibu mbiombio kwa sababu nilikuwa sokoni. Sasa nina la kukuambia, maana wikendi iliyopita tumeyapeleka yote mawili Naivasha, siku moja na njia moja. Shemeji yako aliendesha Leaf yake ya umeme mtupu, yenye betri ya kilowati-saa 40, mimi Outlander yangu ya kuchaji yenye injini ya petroli, na watoto wakagawana wenyewe.

Tuliondoka alfajiri, magari yote yamelala yakichaji. Mpaka Kikuyu tulikuwa sawasawa, kimya kabisa. Lakini unaujua ule mwinuko wa kuelekea Limuru. Betri ya Outlander ni kilowati-saa 12 tu, na gari lenyewe zito. Tulipokaribia Rironi betri ikaisha, injini ikaamka. Kuanzia hapo nilikuwa naendesha gari la petroli kama la mtu yeyote, na juu yake nimebeba betri tupu.

Rironi tukashika njia ya chini, ya Mai Mahiu. Pale wanapotundika ngozi za kondoo ukingoni mwa bonde, shemeji yako alisimama akaniita nitazame kioo chake: asilimia 72. Akateremka polepole nyuma ya malori, breki zao zikinuka moto, yeye mguu hajaugusisha breki karibu njia nzima. Ukiachia kanyagio la mwendo, ile mota inageuka jenereta. Inalishika gari huku inarudisha umeme kwenye betri. Tulipofika kwenye lile kanisa dogo la Waitalia, lililojengwa na wafungwa wa vita mwaka 1942, kioo kilisoma 75. Dada, gari limetembea kilomita kadhaa na likaongeza chaji! Langu nalo hufanya hivyo, likanipa mwendo wa kimya baada ya mteremko, kisha injini ikarudi.

Naivasha tulifika yeye akiwa na asilimia 51, yaani ametumia kama yuniti 16, maana betri yake imeshachoka kidogo. Mimi nilikuwa nimechoma lita nne na ushei, mbali na ule umeme wa nyumbani. Piga hesabu kwa bei za leo, utaona.

Usiku ndio ulionifundisha. Tulipolala hapakuwa na chaja, wakatupa ekstensheni ya kawaida, nyembamba, bado imeviringwa. Haikupita saa moja binti yetu akasema ananusa plastiki. Nikaenda kushika plagi: ya moto, pembeni imegeuka kahawia na imeanza kulegea kama mshumaa. Tukachomoa upesi. Askari wa lango, Mungu ambariki, akatusogezea gari hadi ukuta wa jiko, tukachomeka kebo ya gari moja kwa moja kwenye soketi nzima. Kulipokucha Leaf ilikuwa imejaa. Soketi nzuri ilikuwa hiyo moja tu, kwa hiyo langu halikuchaji. Nilirudi Nairobi kwa petroli tupu, karibu lita nane.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, tulipita barabara ya ziwani tukaona mvuke wa Olkaria ukipanda nyuma ya vilima. Wanazalisha umeme pale tangu 1981. Nilimwambia binti yangu kwamba gari la baba limekunywa ule mvuke usiku kucha, akakaa kimya akiutazama mpaka ukapotea.

Sikatai, Outlander imenifaa. Shule, kazini na dukani havizidi kilomita 30 kwa siku, na kwa kuwa naichomeka kila usiku, kituo cha petroli nakisahau wiki hata wiki. Ila oili ni ile ile, filta ni zile zile, na fundi ni lazima ajue injini na umeme vyote viwili. Leaf inataka tairi, maji ya kioo, na kukaguliwa. Asiyechomeka kila usiku asinunue gari kama langu. Hilo nalisema kwa uchungu, kwa sababu nawaona wengi wameyanunua na kebo bado ziko kwenye mifuko yake.

Sasa wewe. Unakaa ghorofa ya tatu Mombasa, gari linalala chini uani. Kabla ya kuuliza gari gani, muulize mwenye nyumba kama atakuruhusu uvute waya wako wenye mita yake. Akikubali, chukua la umeme mtupu. Safari zako ni Nyali na mjini, na ukija huku unapanda treni tangu 2017. Akikataa, hata hili langu litakuwa mzigo.

Jambo moja la joto lenu: betri ya Leaf kama ya shemeji yako haina mfumo wa kuipoza kwa maji, na joto huichosha. Egesha kivulini, na usiiache imejaa pomoni siku nzima. Unaponunua iliyotumika, hesabu vile vistari vidogo vya afya ya betri kando ya kipimo cha chaji. Ikiwa mpya huwa 12. Ya shemeji yako ina 10. Nitumie picha ya kioo kabla hujatoa hata shilingi.

Watoto wanamsalimu mama mkubwa. Binti anauliza kama Mombasa pia kuna mvuke.

Mdogo wako