Mpiga Picha Mzee na Mzigo Wake katika Milima ya Rwenzori

Magharibi ya Uganda, mpakani na Kongo, imesimama safu ya milima ambayo siku nyingi haionekani. Si kwamba ni mifupi. Kilele chake kikuu, Margherita, kina urefu wa mita 5,109, na katika Afrika nzima ni Kilimanjaro na Mlima Kenya tu inayokizidi. Haionekani kwa sababu hujifunika mawingu. Mtu aweza kukaa mjini Kasese siku kadhaa, akitazama milimani kila asubuhi asione ila ukungu. Kisha jioni moja pazia likapasuka, na theluji ikang'aa mbele yake karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Hiyo ndiyo Rwenzori.

Milima ya namna hiyo huwavuta wapiga picha, na miongoni mwao wamo wazee: watu waliokwisha staafu, waliosomesha watoto wakamaliza, na ambao sasa wana nafasi ya kwenda walikotamani kwenda tangu zamani. Kamera zao ni bora kuliko zile za ujanani, lakini migongo na magoti si yale ya ujanani. Hapo ndipo huzuka swali: mzee abebe vyombo kiasi gani? Nyumbani swali hili laonekana dogo. Mlimani ni kubwa, kwa maana jibu lake ndilo liamualo kama atarudi na picha, na kama atarudi kwa miguu yake mwenyewe.

MZIGO WA MWAKA 1906

Picha mashuhuri za kale za Rwenzori zilipigwa na Mwitalia Vittorio Sella, aliyefuatana na msafara wa Dyuki wa Abruzzi. Dyuki huyo na wenziwe walifika kilele cha Margherita tarehe 18 Juni 1906. Sella alizaliwa mwaka 1859; hivyo alipopanda milima hii hakuwa tena kijana.

Katika ujana wake Sella alipanda milima ya Ulaya na kamera kubwa iliyotumia sahani za vioo zenye kipimo cha sentimita 30 kwa 40. Kila picha moja ilihitaji kioo chake, na kila kioo kilikuwa mzigo, tena mzigo wa kuvunjika. Miaka ilivyopita aliiacha kamera hiyo, akachukua nyingine ya sahani ndogo zaidi, za sentimita 20 kwa 25. Kwa macho ya leo hata hiyo ni kubwa mno, lakini funzo lake halijachakaa: bingwa wa kupiga picha milimani aliupunguza mzigo wake, na sifa ya picha zake haikupungua.

Picha hizo zimekuwa ushahidi. Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilienea zaidi ya kilomita 6 za mraba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa imebaki chini ya kilomita 1 ya mraba. Kwa hiyo picha njema ya vilele hivi ni zaidi ya pambo la ukutani. Huenda wajukuu wakaitazama kama wanavyotazama picha ya babu wasiyemkuta.

NJIA NA MATOPE

Njia ya zamani ya kupanda huanzia Nyakalengija, kwenye mita zipatazo 1,600 juu ya usawa wa bahari. Siku ya kwanza msafiri hupita katika msitu na kulala Nyabitaba, mita 2,651. Yaani kwa siku moja ameupanda mlima kiasi cha mita 1,000. Siku ya pili hupita mianzi na miti iliyovikwa kuvumwani zinazoning'inia kama ndevu, akafika kibanda cha John Matte, mita 3,414. Siku ya tatu huvuka vinamasi vya Bigo na kulala Bujuku, mita 3,962. Hapo karibu kuna ziwa dogo lililozungukwa na milima ya Stanley, Speke na Baker, na huko lobelia huota zikampita mtu kimo.

Mpiga picha mzee asiye na nia ya kukanyaga barafu kwa kamba na vyuma aweza kuishia Bujuku, na bado akawa ameona uzuri mwingi wa Rwenzori. Lakini hata huko ni safari ya haki. Mvua hunyesha karibu majira yote, ingawa miezi ya Juni hadi Agosti, na Desemba hadi Februari, ina afadhali. Mawe huteleza, matope hushika mguu, na wasafiri wengi huvaa gambuti. Anayeteleza akiwa na kamera mbili kifuani hutaka kwanza kuziokoa kamera, na mikono ambayo ingeuzuia mwili usianguke ikawa imeshika vioo.

KUPIMA KWA MIZANI

Askari aliyewahi kwenda mwendo mrefu na shanta mgongoni anajua kwamba kilo moja ya asubuhi si kilo moja ya jioni. Mpiga picha naye na apime kwa mizani, si kwa macho. Kamera kubwa hukaribia kilo 1. Lenzi nzito ya kuvuta vitu vya mbali yaweza kufikia kilo 1 na nusu. Akiongeza lenzi pana, stendi ya miguu mitatu, taa ya kamera na mkoba wenyewe, amekwisha pita kilo 5, na bado hajaweka maji, koti la mvua wala dawa zake.

Kamera ndogo ya kisasa yenye lenzi moja nyepesi yaweza kuwa chini ya kilo 1. Lenzi ya pili ikilazimu, na iwe nyepesi. Lenzi kubwa ya kuvuta mbali yafaa kwa simba wa mbugani. Katika ukungu wa Rwenzori huuvuta ukungu ule ule ukawa karibu. Stendi nzito na ibaki nyumbani, kwa kuwa jiwe au fimbo ya kutembelea yaweza kuegemeza kamera ikatulia.

Vitu vya kutopunguza ni vitatu. Cha kwanza ni betri za akiba, maana baridi huzimaliza upesi. Zikae mfukoni karibu na mwili, na usiku ziingie ndani ya blanketi pamoja na mwenyewe. Cha pili ni mfuko usiopenya maji, pamoja na vitambaa vikavu. Cha tatu ni kadi za kumbukumbu, ambazo uzito wao ni kama hakuna.

MGONGO WA MTU MWINGINE

Wapo wasemao: kwa nini kuhangaika, na wapagazi wapo? Ni kweli, na mzee asione haya kumwajiri mpagazi. Wakonzo wa milima hii huijua njia, na ujira huo ni riziki ya nyumba zao. Lakini wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Stendi ambayo mwenyewe haimtumikii siku nzima haipungui uzito kwa kuhamishiwa mgongo wa mtu mwingine, ambaye naye hukanyaga mawe yale yale yanayoteleza.

Tena iko sababu ya kazi yenyewe. Mpagazi ana mwendo wake. Saa nyingi huwa mbele, wakati mzee anapumzika. Mawingu ya Rwenzori hayamngoji mtu. Yaweza kufunguka kwa dakika tano, kilele kikaonekana cheupe, kisha yakafunga hadi kesho. Kamera iliyo katika furushi nusu saa mbele haina tofauti na kamera iliyoachwa nyumbani. Basi kanuni ni hii: nguo na chakula apewe mpagazi, kamera moja ibaki kifuani mwa mwenyewe, na iwe nyepesi kiasi cha kubaki hapo hadi saa ya mwisho ya mwendo.

KABLA YA KUONDOKA

Mzee na amwone daktari kwanza, hasa kuhusu moyo na pumzi, kwa sababu hewa ya huko juu ni haba. Kisha aufunge mkoba kama atakavyoubeba, apande na kushuka nao kilima cha karibu kwa saa mbili. Kushuka ndiko kunakoonyesha ukweli, kwani kila hatua ya mteremko huyatwisha magoti mwili na mkoba kwa pamoja. Akirudi, atoe kila chombo ambacho hakukikumbuka njiani. Siku ya pili afanye hivyo tena.

Mwisho ajiulize anataka picha gani, na aichague kabla ya kuchagua lenzi. Anayetaka kuleta mlima mzima, ndege wake, maua yake na nyota zake, atabeba duka zima, na huenda Bujuku asiione. Anayetaka picha moja ya barafu iliyobaki juu ya ziwa, akafika hapo akiwa na pumzi ya kungojea mawingu, yuko karibu zaidi kuipata.