Mtoto Anapochora Nyumbani

Koplo mmoja wa polisi, mkazi wa kambi mojawapo mjini Kampala, alikuwa akirudi alfajiri kutoka zamu ya usiku, akinywa chai yake na kulala mpaka alasiri. Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na watoto walikwisha kuzoea kunong'ona. Siku moja aliamka akamkuta kitindamimba wake, msichana wa miaka minne na nusu, ameinama sakafuni akichora kwa kipande cha mkaa juu ya karatasi ya kaki iliyokatwa kutoka mfuko wa sukari. Alikuwa amechora nyumba. Na ijapokuwa mlango ulikuwa umefungwa, ndani yake alionekana mtu amelala. Juu ya mtu huyo palikuwa na michirizi myeusi iliyokorogwa kwa nguvu hata karatasi ikakaribia kutoboka.

"Mwanangu, ukuta hauonyeshi mtu aliye ndani," alisema baba. "Na uchafu huu mweusi ni wa nini?"

Hakungoja jibu. Aligeuza karatasi, akatwaa rula na kalamu ya risasi, akachora nyumba iliyonyooka: paa la pembe tatu, mlango mmoja, madirisha mawili. "Haya, fuatisha hii." Mtoto akafuatisha. Mama akaipenda, akaibandika ukutani, na koplo hakukosa kuwaonyesha wenzake waliokuja kumtembelea.

Miezi miwili ikapita. Mwalimu wa chekechea aliwaambia watoto wachore soko, naye akachora nyumba ile ile. Walipoambiwa wamchore mama, alichora nyumba, kisha akalia. Nyumbani mkaa haukuguswa tena. Kila alipopewa karatasi aliisukuma kwa baba yake na kusema, "Nichoree wewe, Baba. Mimi sijui."

Koplo alikuwa na nia njema, kama walivyo wazazi wengi. Lakini mchoro wa mtoto una njia yake ya kukua, nayo haipiti kwenye rula. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi hukoroga tu, akifurahia alama inayofuata mkono wake. Karibu na miaka mitatu huweza kufunga duara. Baadaye duara hilo huota macho na miguu likawa mtu asiye na kiwiliwili, na mzazi hucheka, asijue kwamba hatua hiyo ni kubwa kama ile ya kusimama dede. Mfaransa Georges-Henri Luquet, ambaye mwaka 1913 alitoa kitabu juu ya michoro ya binti yake mwenyewe, alieleza kwamba mtoto mdogo huchora anachokijua, si kile jicho linachokiona kutoka upande mmoja. Akijua kuwa baba yumo ndani, atamchora humo, ukuta uwepo usiwepo.

Hapo Kampala penyewe jambo hili si geni. Katika miaka ya 1930 Margaret Trowell, mwalimu kutoka Uingereza, alianza kufundisha uchoraji kwenye baraza ya nyumba yake, na shule ya sanaa ya Makerere ina jina lake hadi leo. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima, si watoto. Hata hivyo, njia yake mojawapo yaweza kutumika jikoni. Aliwasimulia kisa, kila mmoja akakiona moyoni mwake, ndipo wakachora, pasipo kuwekewa picha ya kunakili.

Mama wa mtoto yule, ambaye hakuwa amesikia habari za Makerere, aliifikia njia hiyo kwa sababu ya mvua. Maji yaliwazuia nje siku nzima, naye alikuwa akimenya ndizi huku akisimulia jinsi mbuzi wa jirani alivyoingia kantini akala mkate wa watu. Mtoto akaokota mkaa. Mbuzi alikuwa na miguu sita, kwa kuwa alikuwa akikimbia. Mama hakuhesabu miguu, aliuliza tu, "Halafu ikawaje?" Siku zilizofuata alimpa mtoto udongo mwekundu uliochanganywa na uji mwepesi wa muhogo, na kijiti kilichotafunwa ncha kikawa brashi. Gharama haikuwapo, isipokuwa sakafu kupigwa deki mara mbili.

Koplo alizuiwa kutia mkono. Lilikuwa zoezi gumu kwake kuliko gwaride, kwani vidole vilimwasha kila alipoona jicho limewekwa nje ya uso. Alikaa akavikalia.

Jioni moja, kabla ya kwenda zamu, aliibandua ukutani ile nyumba yake ya rula, akaigeuza, akaketi sakafuni kando ya mtoto.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe. Umelala."

"Na hii nyeusi?"

"Usingizi," alijibu mtoto, kana kwamba baba angepaswa kuufahamu. "Ni mwingi. Ndiyo maana hatusemi."

Koplo aliitazama michirizi ile kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama mle nyumbani hapakuwa na watu wengine.

"Wapo," mtoto akasema, "lakini karatasi ilikuwa ndogo."

Asubuhi koplo alirudi kutoka zamu na boksi kubwa la sabuni, aliloliomba dukani. Alilipasua likawa bapa, akalitandaza mlangoni penye mwanga, ndipo akaenda kulala.